Mwiko wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 1986

Nimetia grisi mtambo wa kusinga mkonge. Mtambo hauendi. Tangu Desemba haujasinga nyuzi za hata jani moja, lakini msimamizi anataka utiwe grisi kila Jumatatu, nami natia. Kambini tumebaki watu kumi na mmoja. Wengine wamefunga virago, wamerudi makwao.

Barua ya mke wangu Namsifu imefika na lori la jasi. Yuko kwa mama yake, mlimani juu ya Gonja, anasubiri kujifungua. Miguu imevimba kidogo, wauguzi wanasema ni kawaida. Chini kabisa ya karatasi ameandika kama mtu anayejisemea: "Mwiko wa mama umevunjika. Anasongea kipande kilichofungwa waya. Madukani hakuna."

Najua kwa nini ameandika. Mama yake hajawahi kupokea kitu kutoka mkononi mwangu.

Nitachonga mwiko.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata mbao. Ghala la zamani linabomolewa. Mabati yaliondoka kwanza, sasa watu wanagombea mbao. Nilichelewa. Nikakuta rafu moja imeachwa kona ya nyuma, mninga mtupu, unene wa vidole viwili. Nilishangaa hakuna aliyeichukua. Juu ina madoa meusi. Nikaichuna kidogo kwa tezo, chini yake nyekundu safi.

Bahati. Huku tambarare ni migunga tu, miiba na mafundo. Msitu wa juu hauruhusiwi kukatwa. Makanya siku hizi kuna mitumba, kuna sabuni ya kunukia, kuna redio. Kila kitu ruksa. Mwiko hakuna.

Nimechora umbo kwa mkaa. Nimelifuta mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechonga tangu asubuhi. Panga, tezo, na kisu nilichokitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma. Baba yangu kule Kasulu alichonga mizinga ya nyuki, si miiko. Mkono wangu unajua vitu vikubwa. Huu unataka subira.

Nachonga huku nikiwaza. Kwao nilikwenda mara moja, mwaka juzi. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka jua likavuka paa. Mama alipita mbele yangu mara tatu na majani ya ng'ombe. Nikasema shikamoo mara tatu. Aliitikia moja, akiwa amenipa mgongo. Baadaye Namsifu aliniambia alichosema jikoni: "Manamba hana kwao. Leo yupo, kesho treni imeondoka naye. Na watu wa kambini wana madawa yao."

La kwanza sikuweza kumbishia. Nimeona wangapi wameondoka na watoto wamebaki. La pili liliniuma. Sina dawa yoyote. Sijui hata ya kikohozi.

Kichwa kinauma. Vumbi la mbao. Mikono inawasha mpaka kwenye viwiko.

Jumapili, 9 Machi

Mpini umepasuka. Ufa mdogo, lakini ufa. Nimeukata, sasa mwiko utakuwa mfupi kuliko nilivyotaka. Mwanamke mrefu, mwiko mfupi. Atainama. Atasema nimefanya makusudi.

Nimetapika kidogo mchana. Labda maharage yalikuwa ya jana.

Kuku wa jirani yangu Mama Zuhura amekufa. Tangu juzi alikuwa akichakura kwenye maranda yangu. Mama Zuhura anasema kideri kimeingia kambini. Nimemsaidia kumfukia.

Jumanne, 11 Machi

Umekwisha. Msasa sina, nimeulainisha kwa kipande cha chupa mpaka ukateleza mkononi. Nimeupaka samli niliyopewa na mama mmoja wa Kimasai. Rangi imekolea. Bapa lake jembamba ukingoni, nene katikati, haliwezi kuvunjika kwa ugali wala kwa makande. Kichwani mwa mpini nimetia alama tatu ndogo kwa ncha ya kisu. Hazina maana. Nilitaka tu uonekane umetengenezwa na mtu.

Ni kitu kizuri. Naogopa kusema hivyo lakini ni kizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Elinami amekuja. Kaka yake Namsifu. Alikuwa na shughuli Same, akafika huku kwa miguu yake kuniletea habari. Hakukaa.

Mtoto wa kike. Alizaliwa Jumatatu alfajiri. Wote wazima, wamesharudi nyumbani.

Nikaingia ndani, nikatoka na mwiko umefungwa kwenye kipande cha khanga. Akaufungua. Akaugeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye bapa.

"Umechonga mwenyewe?"

"Mwenyewe, shemeji. Wa mama."

"Nitampa."

Nikamwambia naomba tuongozane, nikamwone mtoto. Akatazama mlimani. "Subiri uitwe," akasema. Si kwa ubaya. Lakini alisema.

Ijumaa, 14 Machi

Nina mtoto. Sina wa kumwambia ila Mama Zuhura, na huyo nimeshamwambia mara tatu.

Leo mwiko umefika. Atausemaje? Pengine ameufanya kuni.

Jumamosi, 15 Machi



Mchana alikuja Mzee Mapunda kuniaga. Mzee wa Songea, alikuwa mtunza ghala miaka mingi kabla sijafika hapa. Kesho anapanda treni, anarudi kwao, harudi tena huku. Nilimwekea kipande cha ile rafu kilichobaki juu ya matofali, akae. Hakukaa. Akainama akaangalia yale madoa.

"Hili bao umelitoa wapi?"

"Ghalani, mzee. Kona ya nyuma."

"Umelifanyia nini?"

"Nimechonga mwiko."

Akanivuta mkono mpaka nje, mbali na bao, kama vile linasikia. Akanieleza. Kona ile ilikuwa ya dawa ya kuulia fukusi wanaokula mkonge. Madebe yaliliwa na kutu, yakavuja juu ya rafu ile mwaka baada ya mwaka. Mbao imekunywa dawa mpaka kwenye kiini. Paka wa ghalani alizoea kulala pale, akafa kwa degedege. Tangu hapo Mzee alikataza mtu yeyote kuigusa. Ndiyo maana wale wanaojua waliiacha.

"Mwiko uko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia.

Akakaa chini kwenye vumbi.

Kuku wa Mama Zuhura. Kichwa changu. Matapishi. Vyote vilikuwa mbele ya macho yangu nikavipa majina mengine.

Nimechimba shimo nyuma ya karakana, nimefukia bao na maranda yote, nimefagia mpaka udongo mgumu. Nimemwambia Mama Zuhura asile kuku yeyote atakayekufa. Nimenawa mikono mara sita. Mvua imeanza kunyesha juu ya milima. Huku tunaiona tu, nyeusi.

Namsifu ananyonyesha. Anachokula ndicho anachokula mtoto. Na kila anachokula kinakorogwa na ule mwiko.

Jumapili, 16 Machi. Same

Nimeondoka kabla ya jua. Miguu, kisha lori la jasi mpaka Same. Posta imefungwa. Hata ingekuwa wazi, kule juu hakuna simu. Gari la Gonja halijatoka tangu juzi, mafuta hakuna, na wanasema korongo mbele ya Kisiwani limejaa.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Njiani nilifikiri nisiende. Nilifikiri: pengine sumu imekwisha nguvu. Pengine mama ameuweka tu. Nikienda nitasema nini? Yule mama alisema watu wa kambini wana madawa. Mimi mwenyewe ndiye nitakayepanda mlima kumthibitishia. Nikinyamaza na wakawa wazima, nimebaki mkwe aliyeleta mwiko mzuri. Niliyafikiri haya kwa muda wa kilomita kadhaa. Nayaona aibu, lakini niliyafikiri.

Dereva wa lori la mahindi amekubali kunifikisha Kisiwani kesho alfajiri.

Jumatatu, 17 Machi. Kisiwani

Korongo limejaa kweli. Maji ya rangi ya chai, yanabeba magogo. Lori limegeuza. Tuko watu kama ishirini ukingoni, tunayatazama.

Nimejaribu kuvuka saa sita. Maji yalinifika kifuani, wachungaji wawili wakanivuta kwa kamba ya ng'ombe na kunitukana. Wana haki.

Kila saa chache zikipita ni mlo. Najua saa zao: uji asubuhi, makande mchana, ugali jioni. Nahesabu milo.

Siwezi kula.

Jumanne, 18 Machi. Juu ya Gonja

Maji yalipungua alfajiri. Nikavuka, nikatembea. Sikumbuki njia vizuri. Nakumbuka tope, nakumbuka mama mmoja aliyenipa ndizi mbivu, nakumbuka kupanda kule juu nikishika mizizi.

Nilifika baada ya adhuhuri. Namsifu alikuwa kibarazani na mtoto. Aliniona akasimama, kisha uso wake ukabadilika, maana aliuona wangu. Sikumsalimia. Nikapita hadi jikoni. Hakuna mwanamume mgeni anayeingia jikoni kwa mkwe wake. Niliingia.

Mama alikuwa anapika makande. Mwiko ulikuwa ndani ya sufuria.

"Shikamoo, mama. Naomba usiendelee kupika."

Elinami alikuja mbio kutoka zizini akasimama mlangoni. Nikasema yote, pale pale, nimesimama na tope mpaka mapajani. Rafu, dawa, paka, kuku. Sikupunguza. Nilijua nikipunguza sehemu moja nitapunguza zote.

Elinami akasema polepole, "Yaani umemletea mama yangu sumu."

"Ndiyo."

"Kwa kujua?"

"Bila kujua. Lakini niliyeileta ni mimi."

Akanishika shati. Mama akasema jina lake mara moja tu, akaniachia.

Mama aliipua sufuria. Akatoka nayo, akaimwaga yote kwenye shimo la taka, akaweka jiwe juu ili mbwa asifukue. Chakula cha nyumba nzima, katika mwaka ambao hakuna mtu anayemwaga chakula. Akarudi akaniuliza, "Nani mwingine analijua jambo hili?"

"Mzee wa ghala, mama. Ameondoka juzi kwenda kwao Songea."

"Kwa hiyo ungenyamaza, sisi tusingejua."

"Msingejua."

Alinitazama kwa muda mrefu. Ndiyo mara ya kwanza kuona macho yake. Yanafanana na ya Namsifu.

"Elinami, chukua blanketi," akasema. "Tunashuka hospitali."

Jumatano, 19 Machi

Hospitali, Gonja. Namsifu na mtoto wamelazwa. Mama amepimwa, ameambiwa apumzike, amekataa kupumzika.

Kumbe tangu Jumapili Namsifu anaumwa kichwa na ametapika mara mbili. Walidhani ni uzazi. Mtoto jana hakunyonya vizuri.

Daktari aliuliza maswali mengi kuliko aliyojibu. Dawa gani, rangi gani, harufu gani. Sikujua jina. Akasema sumu za namna hiyo hukaa mwilini, hutoka polepole. Namsifu aendelee kunyonyesha, anywe maji, walale hapa waangaliwe. Nikamuuliza, watapona? Akasema siku nne walizotumia ule mwiko ni chache, na hiyo ni heri yetu. Hakuapa. Ningependa angeapa.

Elinami alitaka kuuchoma mwiko. Daktari akakataza, moshi wake nao ni mbaya. Nimeufukia mimi, mbali na mfereji, kina cha kiuno changu. Nilipouweka chini ulikuwa bado unang'aa kwa samli.

Jioni Namsifu ameniambia kitu kimoja tu. "Mama aliupeleka kwa kina mama wa kwaya kuwaonyesha."

Ni heri angenipiga.

Alhamisi, 20 Machi

Mtoto amelia usiku kucha, wameniambia asubuhi. Muuguzi anasema kulia ni kuzuri. Anayetisha ni asiyelia. Kutwa nimekaa chini ya dirisha la wodi nikisikiliza. Kila akinyamaza nasimama.

Ijumaa, 21 Machi

Amenyonya. Mara nne.

Namsifu kichwa kimepoa. Amekula uji, umekaa tumboni.

Mwanamke mmoja wa kwaya alikuja kuwaona. Alimuuliza mama, mbele yangu, "Na ule mwiko wako mzuri, umeshauzoea?" Nikaangalia sakafu. Nilijua jibu likitoka, litafika kila nyumba ya mlima huu kabla ya Jumapili.

Mama akasema, "Ulikuwa na kasoro. Mwenyewe amekuja kuuchukua."

Basi. Akaendelea kukunja nepi.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Jumapili, 23 Machi

Wameruhusiwa. Warudi baada ya wiki mbili waangaliwe tena. Tulipanda taratibu, mama mbele, mimi nyuma na mizigo. Elinami alimbeba mtoto. Hajanipa nimbebe, nami sikuomba.

Majirani walikuja kumwona mtoto, wakauliza jina. Mama akasema, "Jina litasubiri. Kwanza tuhakikishe ni mzima."

Nalala kwenye chumba cha kuwekea kahawa. Sijaambiwa niondoke. Sijaambiwa nikae.

Jumatatu, 24 Machi

Leo ni siku ya grisi. Nimekumbuka saa nne, nikashangaa kwamba nilikuwa nimesahau. Msimamizi atakuwa amenifuta kwenye orodha. Acha afute.

Nimekata majani ya ng'ombe. Nimetengeneza bawaba ya mlango wa zizi. Kila nikishika kitu nakinusa kwanza. Elinami ameniona nikinusa mpini wa jembe. Hakucheka. Baadaye alinisogezea kikombe cha chai, nikakinywa.

Mama anapikia kile kipande kilichofungwa waya. Nasikia waya ukigonga sufuria.

Nimejiuliza kama nichonge mwingine. Mti upo, mparachichi ulioanguka nyuma ya nyumba, hakuna dawa iliyowahi kuugusa. Sijathubutu. Haniombi, nami sina uso wa kumpelekea.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi mlinzi wa ndiva alipita nyumba kwa nyumba. Ndiva ni bwawa la kijiji la kumwagilia, linajaa usiku na kufunguliwa alfajiri. Mvua imelijaza matope, kila nyumba itoe mtu wa kulizoa. Alikuwa na daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Mimi nilikuwa nafagia uani. Elinami alikuwa ameshaondoka kwenda Maore. Nilidhani mama atasema nyumba hii leo haina mtu.

Alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Andika Baba Niwaeli," akasema.

Mlinzi akaandika. Mimi nikaendelea kufagia. Nilijiuliza Baba Niwaeli ni nani, jirani gani huyo anayefanya kazi kwa niaba ya nyumba hii. Kisha nikaona mlinzi ananisubiri. Namsifu alikuwa mlangoni na mtoto begani, ananiangalia mimi, anauma mdomo asicheke.

Nikaegemeza ufagio ukutani. Mama alikuwa ameshaingia ndani.

Tulikuwa wanaume kumi na wanne kwenye ndiva. Tope mpaka magotini, baridi. Nilipewa koleo. Nikawekwa katikati ya mstari, mmoja ananipa, mimi nampa mwingine. Hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi.

Nimerudi mchana. Mtoto alikuwa amelala. Nimenawa mikono, nikakaa karibu na Niwaeli mpaka alipoamka.